Steki nene ya Lusu: Tabora ina kila kiungo anachohitaji nguruwe

Ukiagiza nyama ya nguruwe kwenye banda lolote la kando ya barabara, iwe Lusu, nje kidogo ya mji wa Nzega, iwe Singida, Mbeya au Sinza jijini Dar es Salaam, mchomaji atakuuliza swali lilelile: "Nikupimie kiasi gani, kaka? Kavu au rosti?" Ukijibu nusu kilo kavu, nyama itakatwa vipande vidogo, itachemshwa kwenye karai, kisha itaachwa ijikaange kwa mafuta yake yenyewe hadi ikauke na kukolea rangi ya kahawia. Ukitaka rosti, nyama ileile itaongezewa nyanya, vitunguu na pilipili hoho. Pembeni zitawekwa ndizi za kukaanga, kachumbari, ndimu na pilipili mbuzi.

Chakula hiki ni kitamu na kimejenga riziki za watu wengi. Tatizo ni kwamba kimebaki palepale kwa miaka mingi. Wafugaji wameongezeka, walaji wameongezeka, barabara za lami zimefika, lakini mapishi ni mawili tu, na yote mawili huanza kwa panga kuukatakata mnofu hadi usijulikane ulitoka bega au paja. Nguruwe ana sehemu za kila namna, na kila sehemu ina moto wake na muda wake. Ukizichanganya zote karai moja, laini inakauka kabla ngumu haijaiva.

Makala haya yanaitetea steki: kipande kinene cha mnofu, kilichokatwa kwa kisu kikali kuvuka nyuzi za nyama, kikatiwa chumvi mapema, kikapikwa taratibu na kuliwa kikiwa kizima sahanini. Na yanautetea mkoa wa Tabora, kwa sababu asali, ukwaju, karanga, maembe na viazi vya kulia steki hiyo vyote vinapatikana hapahapa. Mpishi wa Lusu hana haja ya kusubiri chupa ya sosi kutoka ng'ambo.

Bega, kiuno na paja

Anza buchani. Watu wengi wakisikia steki hufikiria sarara, ule mnofu mwembamba wa ndani ya mgongo, au chopsi za kiunoni zenye mfupa. Ni sehemu nzuri lakini hazina mafuta mengi ndani yake, kwa hiyo hazivumilii uzembe: dakika tatu za ziada motoni, na nyama imekuwa kavu.

Bega lina tabia nyingine. Misuli yake imefanya kazi, mafuta yamejipenyeza katikati ya nyuzi, na yanapoyeyuka huilainisha nyama kutoka ndani. Huko St. Louis, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, steki ya bega la nguruwe ndiyo nyama ya kuchoma nyumbani mwishoni mwa wiki. Hukatwa nene, huchomwa kwenye mkaa, kisha humaliziwa taratibu ndani ya mchuzi mtamu wenye uchachu. Walaji wa kule waliichagua sehemu hii kwa sababu ni ya bei nafuu na ina ladha kuliko sehemu za bei kubwa. Hoja hiyo inafaa Nzega vilevile.

Mwambie muuza nyama akukatie bega vipande vya unene wa sentimita mbili na nusu, asipige panga ovyo. Kama kuna mfupa, aupitishe msumeno ili usiache vipande vya mifupa ndani ya mnofu. Ukifika nyumbani, chukua kisu uchanje ukingo wa mafuta, mkato mmoja kila baada ya sentimita tatu hivi, ukiishia pale mafuta yanapokutana na nyama. Mafuta hujikunja haraka kuliko mnofu yanapopata moto. Usipoyachanja, steki itajikunja, katikati itanyanyuka juu ya wavu, na utakuwa na nyama iliyoungua pembezoni huku katikati ikiwa mbichi.

Paja lifanywe steki pale tu nguruwe alipokuwa mdogo. Kwa nguruwe mkubwa aliyezaa mara kadhaa, tumia papai bichi. Utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini kinachovunja protini za nyama. Paka papai lililosagwa kwa nusu saa tu, kisha lifute. Likiachwa usiku kucha, nyama hugeuka uji kwa nje na ndani ikabaki ngumu.

Kwa nini tulizoea vipande vidogo

Tabora ni mji wa misafara. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wakiishi kwa raha, wana bustani zilizotunzwa na wanapokea bidhaa kutoka pwani. Uislamu uliingia nchi hii kwa njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na hadi leo Tabora ina Waislamu wengi ambao nguruwe kwao ni haramu. Nguruwe wa kufugwa alienea baadaye, wakati wa wamisionari na utawala wa kikoloni, na akakaa pembeni ya meza ya pamoja.

Kukaa pembeni huko kuliathiri upishi wake. Nyama iliuzwa vichochoroni, nyuma ya baa, ikakatwa na kukaangwa haraka. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe jijini Dar es Salaam yalishambuliwa, na wauzaji wengi nchini wakajifunza kujificha zaidi. Biashara inayojificha haina nafasi ya kulaza nyama kwenye viungo wala kumwonesha mteja kipande kizima.

Leo hali ni tulivu zaidi, na kuilinda ni wajibu wetu sote. Banda la nguruwe liwe na mahali pake, visu vyake, karai lake na wavu wake; lisiwe mlangoni pa msikiti wala lisishiriki jiko na muuza kuku au mbuzi. Jirani Mwislamu akijua wazi kwamba mipaka inaheshimiwa, anaendelea kununua mbuzi wake kwa amani. Mwenye banda naye akiwa na mahali panapojulikana, anaweza kupika kwa utulivu bila kukimbizana na muda.

Ladha huanzia bandani

Kabla ya viungo kuna mfugaji. Watu wengi wanaosema hawapendi nguruwe kwa sababu "ananuka" huenda walikula dume lisilohasiwa. Dume likikomaa, mafuta yake hukusanya kemikali mbili, androstenoni na skatoli, na nyama ikiwekwa motoni harufu yake hujaza chumba kizima. Hakuna limao wala tangawizi itakayoiondoa. Dawa yake ni kuhasi dume likiwa bado dogo, kazi ifanywe na mtaalamu wa mifugo, na banda lisafishwe ili nguruwe asilale kwenye kinyesi chake.

Chakula nacho huonekana sahanini. Nguruwe ana tumbo moja, hivyo mafuta anayokula huhamia kwenye mafuta ya mwili wake karibu kama yalivyo. Akilishwa mashudu ya alizeti au karanga kwa wingi hadi siku ya kuchinjwa, mafuta yake huwa laini na huyeyuka mapema. Akimaliziwa kwa viazi vitamu, mafuta huwa magumu zaidi na meupe, yanayochomeka vizuri. Hispania wamejenga jina kubwa duniani kwa nguruwe wa Iberia wanaomaliziwa kwa mbegu za mialoni porini. Nzega kuna mpunga, mahindi na viazi vitamu, na mfugaji anayepanga wiki za mwisho za kulisha anaweza kumuuzia mchomaji nyama yenye ladha inayotambulika.

Afya haiwezi kuachwa nje. Nguruwe wanaozurura wakila kinyesi cha binadamu huambukizwa tegu, na ndani ya misuli yao hujengeka vifuko vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mchele hadi njegere. Anayekula nyama hiyo bila kuiva vizuri hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo, yakitoka chooni na kuingia kwenye chakula au maji ya watu, hugeuka vifuko mwilini mwa binadamu, na vikikaa kwenye ubongo huleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa njia hiyo. Choo bora, nguruwe wa kufungiwa na nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri ndiyo masharti ya kwanza ya upishi mzuri.

Kuna pia homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Haimdhuru binadamu, lakini ikiingia kijijini humaliza banda zima, na haina tiba. Mabaki ya chakula anayopewa nguruwe yachemshwe, na wageni wasiingie bandani na viatu vya njiani. Lusu iko karibu na Nzega, mahali zinapokutana barabara za Singida, Tabora na Shinyanga, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Ugonjwa husafiri kirahisi kwenye barabara kama hiyo.

Chumvi kwanza

Kosa la kawaida zaidi jikoni ni kutia chumvi nyama ikiwa tayari motoni. Chumvi inahitaji muda. Ukiinyunyiza juu ya steki, dakika za mwanzo utaona maji yakitoka na kuifanya nyama iloe. Subiri. Maji hayo yataiyeyusha chumvi, na baada ya dakika arobaini hivi yataanza kurudi ndani, yakiibeba. Ndani ya mnofu, chumvi hulegeza baadhi ya protini ili zishikilie maji hata nyama inapopata moto. Ndiyo sababu steki iliyotiwa chumvi mapema haikauki upesi.

Kipimo ni vijiko viwili vya chai vya chumvi laini kwa kilo moja ya nyama. Kama una friji, itie jioni na uichome kesho yake, ukiiacha bila kufunikwa ili uso wake ukauke. Kama huna, saa moja inatosha, na katika joto la Nzega nyama isiyo na ubaridi isikae nje zaidi ya saa mbili. Kabla ya kuiweka motoni, ifute kwa kitambaa safi. Uso wenye maji huchemka kwanza, na rangi ya kahawia yenye harufu ya nyama choma haiji mpaka maji yaishe na joto la uso lipande kufikia nyuzi joto 140 hivi.

Chumvi yenyewe ina historia hapa. Chemchemi za Uvinza, magharibi mwa Tabora kwenye njia ya kwenda Ujiji, zilikuwa zikitoa chumvi karne nyingi kabla ya msafara wa kwanza kutoka pwani. Uchimbuzi wa wanaakiolojia uliochapishwa mwaka 1968 ulionesha hivyo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba na kuibadilisha kwa bidhaa nyingine nchi nzima ya Unyamwezi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ilihama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa, na chumvi ya Uvinza ikaendelea kusafiri.

Asali na ukwaju

Asali ya Tabora inajulikana nchini kote, na mji wa Tabora ndiko kiliko Chuo cha Ufugaji Nyuki. Inatoka kwenye misitu ya miyombo ya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui, nyuki wanakofuata maua ya mitundu na miyombo. Ni asali yenye rangi iliyokolea na ladha nzito, na hilo ndilo nguruwe analolipenda. Mafuta yake yanahitaji utamu wenye kina, na utamu huo unahitaji uchachu wa kuukata. Uchachu upo kwenye mikwaju inayoota nchi hii kavu.

Kwa kilo moja ya steki, loweka ukwaju wa kujaa kiganja katika kikombe cha maji ya moto, ukamue na kuuchuja. Twanga punje nne za kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole na pilipili kadiri ya uvumilivu wa walaji. Changanya na maji ya ukwaju. Gawa mara mbili. Nusu ya kwanza ipake kwenye nyama uliyokwisha kuitia chumvi, uiache kwa saa moja. Nusu ya pili itie sufuriani pamoja na vijiko vitatu vya chakula vya asali, ichemke polepole hadi iwe nzito na kushika mgongo wa kijiko.

Usitie asali kwenye nyama tangu mwanzo. Zaidi ya robo tatu ya asali ni sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ni frukitosi, inayoanza kubadilika rangi kwenye joto dogo kuliko sukari ya miwa. Juu ya mkaa wenye moto itaungua na kuwa chungu wakati nyama bado mbichi. Choma steki kwanza bila asali. Zinapobaki dakika nne, chovya brashi, au kifungu cha majani ya giligilani, kwenye ule mchuzi mzito na uipake. Tazama kinachotokea: mchuzi unatoa viputo vidogo, unatanda, kisha viputo vinapungua na uso unaanza kung'aa. Hapo geuza, paka upande wa pili, ngoja ung'ae nao, uondoe. Ukipaka mara mbili kila upande kwa tabaka nyembamba, utapata ganda lenye utamu na uchachu linaloshikana na mafuta yaliyochomeka.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni jambo jingine. Ni nyepesi, ina maji zaidi na uchachu wake wa asili. Usiipeleke motoni kabisa. Idondoshe kidogo juu ya steki iliyokwisha kupumzika, pamoja na ndimu.

Viungo vya msafara

Wafanyabiashara Waarabu waliofika Tabora hawakumla nguruwe, lakini biashara yao ndiyo iliyozoesha bara harufu ya karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga. Viungo hivyo, tunavyoviweka kwenye pilau, vinaendana sana na mafuta ya nguruwe, na kwingineko duniani walilijua hilo mapema.

Wareno walikuwa na desturi ya kulaza nyama ya nguruwe kwenye siki au mvinyo na vitunguu saumu. Kisiwani Madeira bado ni chakula cha Krismasi. Walipofika Goa, India, wapishi wa huko waliongeza pilipili na viungo vya nchi yao, kikazaliwa kile ambacho dunia inakiita vindaloo. Wagoa walipokuja Afrika Mashariki kufanya kazi za ukarani, ushonaji na upishi huko Zanzibar, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, walikuja na chakula hicho, na kwa familia nyingi za Kigoa nguruwe wa siki ndiye chakula cha sikukuu.

Kwa steki za Lusu, njia hiyo inafaa nyama ngumu. Kaanga bila mafuta kijiko cha chai cha binzari nyembamba, nusu kijiko cha pilipili manga, karafuu nne, kipande cha mdalasini na pilipili kavu nyekundu tatu, hadi harufu ipande. Saga. Changanya na punje nane za kitunguu saumu zilizotwangwa na nusu kikombe cha siki. Paka steki na uilaze ndani ya friji usiku kucha. Kesho yake ifute, ikaange pande zote mbili hadi ikolee rangi, kisha rudisha masalia ya viungo na maji kidogo, funika, na uache moto mdogo ufanye kazi kwa saa moja. Steki itabaki kipande kizima lakini itakatika kwa uma, na mchuzi wake utakuwa mwekundu na mzito. Mteja aliyezoea rosti ataielewa mara moja.

Jirani zetu Waganda, ambao kula nguruwe kwao ni jambo la kila mwisho wa wiki, wametufundisha jambo jingine: parachichi pembeni. Ulaini wake unapoza pilipili na kuupa mdomo nafasi ya kupumzika kati ya tonge na tonge. Parachichi linaingia sokoni Nzega. Halina sababu ya kukosekana kwenye sahani.

Karanga, michembe na embe bichi

Mnyamwezi na Msukuma wanajua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, vinavyochemshwa na kuungwa kwa karanga. Wanajua pia matobolwa, viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa. Ni akiba ya miezi ya njaa, na vijana wengi wa mjini huviona ni chakula cha bibi. Weka michembe ya karanga chini ya steki yenye chumvi na moshi, uone. Utamu wa kiazi kilichokaushwa unakutana na mafuta ya nyama, na karanga zinaunganisha vyote viwili. Hii ni sahani ambayo mgeni kutoka Dar es Salaam hawezi kuipata kwao, na kwa hiyo ndiyo anayopaswa kupewa.

Karanga zinaweza pia kupanda juu ya nyama. Kaanga karanga, ondoa maganda, zitwange zibaki na chenga. Changanya na tangawizi, pilipili, chumvi kidogo na ndimu hadi zishikane. Steki ikibakiza dakika chache, ipake upande mmoja na uisogeze mbali na moto mkali, ufunike kwa sufuria. Karanga zitakauka na kushika bila kuungua.

Kisha kuna embe. Miembe mikubwa ya Tabora na ya njia nzima hadi Ujiji ni urithi wa misafara, na mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hiyo kuu ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni njia yenye maumivu mengi, na kinachoota kando yake kinastahili kutumika kwa heshima. Kabla maembe hayajaiva, chukua machache, yamenye, yakwangue, yatie chumvi, kitunguu kilichokatwa vyembamba na pilipili, uyaache dakika kumi. Huhitaji nyanya. Kachumbari hiyo kali ya embe bichi inafanya kazi ambayo ndimu peke yake haiwezi.

Moto wa pande mbili

Kwenye jiko la mkaa kuna kosa moja la kawaida: wapishi wengi husambaza mkaa sawasawa chini ya wavu wote. Sogeza mkaa upande mmoja. Anzia steki upande wenye moto, dakika mbili au tatu kila upande, ipate rangi. Kisha ihamishie upande usio na mkaa, funika, iive taratibu. Mafuta yakidondoka hayataanguka kwenye mkaa na kuwasha ndimi za moto zinazoacha masizi kwenye nyama. Mkaa pia utatumika kidogo, jambo lenye uzito katika mkoa ambao misitu yake ndiyo inayowapa nyuki wetu maua.

Kuhusu kuiva, usikubali mzaha. Zipo nchi ambako nguruwe aliyekaguliwa vizuri huliwa akiwa na uwaridi katikati. Marekani tangu mwaka 2011 wanashauri nyuzi joto 63 kwa kipande kizima na kupumzishwa dakika tatu. Kwetu, ambako tegu bado yupo, pika hadi nyuzi joto 71 katikati ya kipande. Kipimajoto cha jikoni ni uwekezaji mzuri kwa mwenye banda. Asiye nacho akate karibu na mfupa: majimaji yawe angavu, mnofu usiwe na wekundu wa ubichi. Chumvi, siki na ukwaju si vya kutegemea kuua tegu. Kinachomuua ni moto. Steki iliyotiwa chumvi mapema na kumaliziwa upande wa pembeni itafika joto hilo ikiwa bado na majimaji yake.

Ikishaiva, iweke kwenye sinia na uiache dakika tano kabla ya kukata. Ukiikata mara moja, majimaji yote yanabaki kwenye ubao.

Kazi iliyo mbele ya mabanda ya Lusu

Lusu imewahi kujulikana kwa dhahabu. Mgodi wa Golden Pride ulianza uzalishaji mwishoni mwa 1998, ukiwa wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu nchini, na ulifungwa dhahabu ilipokwisha, miaka kama kumi na mitano baadaye. Mashimo yalibaki, wafanyakazi wakatawanyika. Eneo lenye barabara kubwa, wakulima, wafugaji na wachimbaji wadogo linahitaji biashara ambazo haziishi mwamba unapokwisha, na chakula ni mojawapo.

Mwenye banda hahitaji mtaji mkubwa kubadilika. Aongeze sahani moja tu kwenye mbili alizozoea: steki ya bega kwa asali na ukwaju, michembe ya karanga pembeni, kachumbari ya embe bichi. Aitie chumvi asubuhi na kuiweka kwenye ubaridi, aiandike kwenye ubao na bei yake, amwambie mteja kwamba itachukua nusu saa. Aoneshe muhuri wa ukaguzi bila kuulizwa. Dereva wa lori atakayeila mara moja atapanga safari yake inayofuata ili chakula cha mchana kimkute Lusu. Mfugaji ataambiwa bega la nguruwe aliyehasiwa na kulishwa viazi lina bei nzuri zaidi, na mrina asali wa Sikonge atapata mnunuzi mwingine.

Na wewe unayekula nyumbani, kazi yako ni nyepesi zaidi. Ukienda buchani, usiseme tu "nipimie kilo." Sema: "Nikatie bega, vipande vinene, usikatekate." Muuza nyama akisikia maneno hayo kutoka kwa wateja wa kutosha, atanunua msumeno na kunoa kisu, na upishi wa nguruwe katika mkoa huu utakuwa umeshaanza kubadilika.